Kumi Kabla ya Mbili: Bi Taratibu Anapostaafu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, muuguzi mwandamizi wa makao yetu ya wazee atastaafu rasmi, baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja bila kuhamishwa, bila kupewa onyo, na bila kukubali hata mara moja kuharakishwa na mtu. Kwenye kitambulisho chake kuna jina jingine, lakini hapa kwetu, tangu jikoni hadi ofisi ya meneja, anaitwa Bi Taratibu. Ukimwita kwa lile la kitambulisho, hageuki.

Heshima ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, fundi wa mitambo na kompyuta. Si kwamba nina kalamu nzuri, la hasha. Meneja aliona tu kwamba mtu niliyebishana naye miaka yote hii siwezi kukosa la kusema juu yake, na hapo hakukosea.

Bi Taratibu aliripoti kazini akiwa binti mwembamba, ametoka chuo cha uuguzi juzijuzi, na akapangiwa wodi ya wanaume. Matroni wa wakati ule alikuwa mtu wa saa na filimbi, na wiki haikuisha kabla hajaanza kulalamika kwamba binti huyu akimlisha mzee uji wa asubuhi, chakula cha mchana kinapoa kikimsubiri. Jibu alilopewa ni kwamba mzee ana meno manne, na hayo manne hayapatani. Matroni akaenda zake. Tangu hapo neno taratibu halijamtoka mdomoni: aliwaambia wasukuma vitoroli, aliwaambia madaktari wanaopita wodini mbio, alimwambia meneja mmoja aliyekuwa akisoma hotuba kama anayefukuzwa. Wapo wanaosema siku jiko liliposhika moto aliwaambia hata wazima moto, lakini hapo nadhani watu wametia chumvi.

Kazi iliyomjengea sifa, hata hivyo, haikuwa ya uji. Ilikuwa ya picha.

Wazee wetu huja hapa na mizigo midogo, na karibu kila mzigo una picha. Nyingine ziko ndani ya bahasha iliyochakaa, nyingine ndani ya kopo la biskuti, nyingine zimefungwa kwenye leso. Bi Taratibu alianza kwa kuzibandika kwenye albamu, moja kwa kila mzee. Kisha wafadhili fulani wakatuachia mashine ya slaidi iliyotumika, na yeye akapata wazimu wake. Alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa sebule, akafunga mapazia, na kila Alhamisi baada ya chai wazee wakakaa kuangalia maisha yao yakipita ukutani. Alikataa kuliita jambo hilo slaidi. Aliliita picha za kupokezana, kwa kuwa kila picha humpokeza mwenzake mtu yuleyule, na mwenzake humfikisha mbele kidogo.

Wafanyakazi wa zamani mtakumbuka Alhamisi zile. Mtakumbuka harufu ya vumbi likiungua juu ya taa ya mashine, ule mlio wa klak picha ikibadilika, na jinsi shuka lilivyopepea mtu akifungua mlango, hata bwana harusi wa kwenye picha akatikisika tumbo. Mtakumbuka mpishi akija kusimama nyuma na mwiko mkononi, akisahau alichoweka jikoni. Nayakumbuka hayo na ninayatamani, sina haja ya kuficha. Sebule ile sasa ina televisheni kubwa na kiyoyozi, na kila kitu ni bora kuliko zamani, lakini giza la mapazia yale sijalipata tena mahali popote.

Kwa mashine ya mkono alikuwa na kipimo chake cha muda. Picha haiondoki ukutani mpaka mzee ajione, amwonyeshe jirani yake, na jirani abishe kwamba huyo si yeye. Ubishi ukishaisha, ndipo klak. Kuna picha moja ya timu ya mpira iliyokaa ukutani mpaka chai ya pili ikaletwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusunusu, nami nimeruhusiwa na mwenyewe kulisema zima.

Bi Taratibu alikuwa na kaka mmoja tu, marehemu sasa, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Cherehani. Wazazi wao walifariki mapema. Kaka ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kushona sare za watoto wa watu wengine, na akamvalisha magauni ya vipande vilivyobaki, mkono mmoja bluu na mwingine kijani. Hakumwita kwa jina lake. Alimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza na akawa anapotea njia ya kurudi kutoka msikitini, sokoni, popote alipotumwa na miguu yake, dada alimleta hapa, chumba cha mwisho upande wa bustani, ambapo angeweza kumwona kila siku.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alimwita Kitinda mbele ya watu, na sisi tukapata la kumtania. Kisha asubuhi moja, baada ya kupewa dawa zake, Fundi Cherehani aliinua macho kwa adabu nyingi akasema asante, sista. Mnajua wenyewe kwamba wazee wote hapa huwaita wauguzi sista. Ni neno la heshima, na muuguzi yeyote hulipokea kwa furaha. Yeye alijibu karibu, mzee, akasukuma kitoroli chake hadi mwisho wa korido bila kukosea hata chumba kimoja.

Najua kilichofuata kwa sababu nilikuwa juu ya ngazi ndani ya stoo ya mashuka, nabadilisha balbu. Aliingia, akafunga mlango, akakalia fungu la mashuka safi, akalia kilio cha mtoto. Hakujua kwamba nipo. Nilibaki kule juu na balbu mkononi, sijui nishuke au nijifanye rafu. Mwisho nilikohoa. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia, akijifuta kwa foronya, kwamba ugonjwa huu anaujua, amewahudumia watu wake miaka mingi, na haombi umrudishie kaka yake. Anachotaka ni aitwe Kitinda mara moja tena kabla neno hilo halijapotea moja kwa moja, kwa kuwa duniani hakuna mwingine anayelijua.

Mwaka uleule mashine ya slaidi ikafa, na safari hii hata mimi niliinua mikono. Meneja alileta kompyuta na skana, akatuagiza mimi na Bi Taratibu tutafute programu ya kutengenezea maonyesho ya picha. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Unapakua, unafungua, unachagua yenye mbwembwe nyingi, unakwenda kunywa chai. Kumbe nilikuwa sijamjua.

Kila programu niliyoisimika aliijaribu kwa picha za familia yake, na mpimaji alikuwa kaka mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Ya kwanza ilikuwa kipenzi changu. Picha ziliingia zikizunguka kutoka kila kona ya kioo. Fundi Cherehani alizikwepa kwa kichwa mara mbili, kisha akaomba arudishwe chumbani. Nyingine ilizungushia kila picha maua na mioyo, na mzee akauliza nani anaoa, na kwa nini yeye hakualikwa. Ilikuwepo iliyokuwa na tabia ya kujisogeza yenyewe ndani ya picha: unaweka watu kumi na wawili, yenyewe inavamia katikati, inakata vichwa, inakuachia matumbo. Fundi aliangalia matumbo yale kwa makini ya kikazi akasifu vifungo. Tulicheka mpaka tukashika ukuta, na Bi Taratibu alicheka nasi, lakini nilimwona alivyomtazama kaka yake baada ya kicheko kuisha.

Meneja alipenda ile inayofanya kila kitu peke yake. Unaipa picha zote, inachagua nzuri, inatupa mbaya, inaweka muziki, wewe unakunja mikono. Tuliipa picha za familia. Ikatupa zote za zamani kwa kuwa hazina ubora, zina ukungu, zina mikwaruzo, ikabakiza mbili za bustani yetu zilizopigwa na simu ya meneja. Bi Taratibu aliniuliza kama programu hii ina mama. Nilisema haina. Akasema inaonekana, na tukaifuta.

Nilichoka, ndugu zangu. Kila wiki nasimika, nafuta, nasimika. Nilimwambia anashika bango kwa jambo dogo, kwamba picha ni picha. Alinijibu kwa neno lake lilelile mnalolijua, na kesho yake akaja na nyingine ya kujaribu.

Aliyoichagua mwishowe ilinitia aibu mbele ya mafundi wenzangu. Ilikuwa ya kijivu, dirisha dogo, haina maua, haina muziki wake yenyewe, na ilijua doido moja tu: picha moja kufifia polepole huku nyingine ikijitokeza mahali pake. Lakini uliweza kuipa kila picha muda wake, kuandika maneno makubwa chini, kurekodi sauti yako mwenyewe, na kuhifadhi onyesho zima kwenye flashi ukaliweka kwenye televisheni bila mtandao. Na haikutupa picha yoyote. Ulichoipa ilikipokea, kiwe na ukungu, kiwe kimechanika.

Alipanga picha kumi, akaziita Moja mpaka Kumi. Moja ilikuwa ya wazazi wao. Mbili ilikuwa yake mwenyewe akiwa mtoto, amevaa gauni la vipande, anacheka mwanya wote nje, kaka yake nyuma ameinamia cherehani. Kutoka hapo angekua picha kwa picha, shule, chuo, kazi, mpaka Kumi, ambayo niliipiga mimi wiki ile mlangoni mwa wodi: Bi Taratibu wa leo, kofia na sare, mwanya uleule. Mpango ulikuwa kwamba kaka amfuate mtoto yule hatua kwa hatua, amfikie muuguzi, amtambue. Ulikuwa mpango mzuri na sote tuliuunga mkono.

Ila aliyapa mafaili majina kwa maneno. Hakuandika tarakimu, kwa kuwa aliona kuita picha ya wazazi wake namba ni utovu wa adabu. Aliandika Moja, Mbili, Tatu, Nne, herufi kubwa mwanzoni kama inavyotakiwa. Sasa kompyuta haijui kuhesabu kwa Kiswahili. Inajua alfabeti. Kwake Kumi ndiyo ya kwanza, kwa ajili ya ile K, kisha Mbili, kisha Moja, kisha Nane, na Tatu inakuja karibu na mwisho. Sote wawili hatukuliona hilo. Wazee walikuwa wameshakaa, chai imeshamiminwa, nikachomeka flashi.

Ilianza na muuguzi. Nilimsikia Bi Taratibu akivuta pumzi pembeni yangu, nami nikanyoosha mkono nizime, nikijua mambo yamekwenda mrama. Fundi Cherehani alikuwa anatazama. Aliwaeleza wenzake kwamba yule ni sista, ndiye anayempa dawa, ni mtu mwema. Kisha picha ikaanza kufifia kwa ule mwendo wa kobe nilioulaani wiki nzima. Sare ikayeyuka, kofia ikayeyuka, na chini yake likajitokeza gauni la mikono miwili tofauti. Kwa bahati tu nyuso zile ziliangukiana karibu palepale, na kwa kitambo kidogo katikati, muuguzi akiwa hajaondoka na mtoto akiwa hajafika sawasawa, kilichoonekana vizuri kwenye kioo chote kilikuwa mwanya.

Mzee alisogea mbele kitini. Aliangalia kioo, akageuka akamwangalia dada yake aliyesimama karibu na mlango, akarudi kwenye kioo. Kisha akamwita kwa sauti ya nyumbani, ile ya mtu anayeita kutoka chumba kingine, akamwuliza: Kitinda, umekula?

Alikuwa amekula. Alisema hajala. Alikaa chini miguuni pake, kwenye zulia, na sare yake ile nyeupe, na kaka akampa nusu ya andazi lake akamwambia asile haraka. Onyesho liliendelea na hakuna aliyeliangalia. Mimi nilikuwa nimesimama na rimoti, machozi yananitoka, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa fumbo.

Daktari alitueleza baadaye kwa maneno mengi. Kwa machache, ni kwamba mzee hakuwa na nguvu ya kumbeba yule mtoto kupita picha saba. Angefika kwa muuguzi akiwa ameshamwacha njiani. Wakiwekwa bega kwa bega, aliwashika wote wawili. Nilitaka kurekebisha majina niweke tarakimu, kazi ya dakika, na Bi Taratibu alinishika mkono.

Sitadai kwamba ugonjwa ulipona. Siku nyingine alimwita sista, siku nyingine hakumwita kitu. Lakini kila Alhamisi kabla ya chakula cha mchana alimwekea Kumi kisha Mbili, na Kitinda alirudi mara kadhaa, zaidi ya ile moja aliyoiomba. Fundi Cherehani alifariki mwaka juzi, usingizini. Bi Taratibu alizika, akakaa nyumbani siku za msiba, akarudi kazini kuwapangia picha wazee wa watu wengine.

Leo hakuna onyesho linalotengenezwa hapa ambalo halifuati mpangilio wa kumi-mbili, uso wa leo ukifuatwa papo hapo na uso wa zamani. Vituo vingine vimetuma watu kujifunza, na huja na madaftari wakiuliza wanunue programu gani. Bi Taratibu huwa hawatajii jina. Huwauliza yeye: je, inasubiri? Inazikubali picha mbovu? Inakuacha upange wewe mwenyewe, au inakupangia? Wanaondoka wameridhika, ingawa mimi huwa nawanong'oneza jina la programu mlangoni ili wasihangaike.

Wiki iliyopita alikuja karakana kwangu na flashi. Nilidhani ni ya mzee mpya. Zilikuwa picha zake mwenyewe. Alivuta kiti, akaniambia kwamba bibi yao mzaa baba alisahau, kaka yake alisahau, na kaka alianza akiwa na umri usiozidi wake sana. Haumwi. Amepimwa na yuko timamu, na siku hiyohiyo alinikumbusha ahadi niliyoitoa zamani ya kumtengenezea pasi. Ila anajua kazi hii ilivyo, na hataki aje aletwe hapa siku moja akatuogopa. Ameshatukusanya sote, kwenye picha za zamani: matroni na filimbi yake, mpishi na mwiko, mimi nikiwa na nywele. Kilichokosekana ni nyuso zetu za leo za kuwekwa ubavuni mwa hizo. Aliniomba nimpigie picha hizo na nitunze onyesho hapa, kwenye kompyuta ya makao, kwa kuwa nyumbani anaishi peke yake na hakuna wa kumchomekea flashi. Nilimkubalia, na kwa mara ya kwanza sikubishana.

Bi Taratibu, tunakushukuru kwa uji, kwa Alhamisi, na kwa kila mzee aliyemtambua mtu wake mbele ya kioo chako. Upate mapumziko marefu na afya ya kuyafurahia, ulale mchana bila kengele, ule bila haraka, na kila unayempenda umjue kwa jina mpaka mwisho. Na ikitokea vinginevyo, chumba kipo, na sisi tupo.

Wafanyakazi wote mnaombwa kufika Ijumaa, mara baada ya chai, kwenye ngazi za mbele. Nitampiga kila mmoja picha yake peke yake. Njooni na sare mnazovaa kila siku, vueni miwani ya jua, na mtazame kamera kama mnavyomtazama yeye asubuhi mkikutana koridoni.